Kikombe cha Peke Yake

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya safari hii, ambayo huku imenyesha mpaka kamba za kuanikia zimeota ukungu. Natumai barua inakukuta mzima, shemeji mgongo umempungua, na watoto wanakula vizuri na wanakusumbua kwa kiasi. Ukitaka kujua hali yangu, sijambo. Goti la kushoto bado linalia kama mlango wa zamani, lakini la kulia linamvumilia mwenzake, tunakwenda hivyo hivyo. Meno yote yapo isipokuwa lile ulilolijua wewe.

Najua umekasirika. Usiseme hujakasirika, nakujua tangu unatambaa. Barua yako ina miezi miwili hapa chini ya godoro, na ulichoniuliza ni kitu kimoja tu: binti yako wa kwanza amepata nafasi chuo cha ukunga hapa mjini kwangu, anaanza mwanzo wa mwezi ujao, je, nitampa chumba cha nyuma akae miaka yake miwili? Jambo la kujibu ndiyo au hapana. Mimi nikakutumia salamu kwa yule dereva wa lori kwamba chumba kinavuja, mngoje kwanza. Halafu nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Hapo ndipo ungejua kuna jambo.

Basi jibu limo humu humu, ila nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya. Soma kwa mpango. Ningekupigia simu lakini nikishika simu mimi nacheka tu na kuuliza mmepika nini, na mwisho salio linakatika. Nimeona heri niandike, ingawa mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita na tope miguuni. Darasa la nne halikunipa zaidi ya hapo.

Kwanza habari za mtaani, maana huwezi kuzikosa. Jirani yangu fundi seremala, yule mwenye majivuno, kajitengenezea kabati la nguo kubwa ajabu, la milango mitatu na kioo. Kapiga randa mwezi mzima. Siku ya kuliingiza ndani, halipiti mlangoni. Likageuzwa, likalazwa, likasimamishwa, halipiti. Dirishani halipiti. Seremala huyo! Kupima nyumba za watu anajua, ya kwake kasahau. Sasa kabati liko uani limefunikwa turubai, na kuku wa mkewe wanataga kwenye droo ya chini. Mkewe akikutana na mimi anageuza uso, kwa sababu anajua nimeshaieneza mpaka sokoni. Na kweli nimeieneza.

Haya, kazini. Bado niko pale pale kwa dobi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Wengine wanafua, wengine wanapiga pasi, mimi ndiye ninayepokea nguo, nazitia alama na kuzikunja zikitoka. Alama yenyewe ni uzi. Kila mteja ana rangi yake, unamshonea mishono miwili mitatu kwenye pindo kwa ndani, basi shuka za nyumba ya wageni haziendi kwa daktari wa meno. Macho yangu yamezoea mpaka nikipita barabarani naona watu kwa nyuzi zao. Yule uzi wa kijani, yule uzi mweusi, na yule hajaja kuchukua suruali zake tangu mwezi ule.

Na sisi wenyewe tuna nyuzi. Ukutani karibu na pipa la kuchemshia maji kuna misumari sita imepangwa mstari, na kila mfanyakazi ana kikombe chake kimening'inia hapo, kimefungwa uzi wake kwenye kishikio. Wangu wa njano. Saa nne chai inapoiva kila mtu ananyoosha mkono kwenye msumari wake, hakuna kuulizana. Kuna bosi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti nyembamba. Kuna Mrefu, mfuaji, ambaye ndiye anaosha vikombe kwa sababu mikono yake iko majini tayari. Kuna Bibi Vifungo, anayeshona vifungo vilivyong'oka. Na mimi, ambaye wananiita Redio. Sijui kwa nini. (Najua.)

Miezi saba iliyopita bosi kaleta mpiga pasi mpya, mama wa rika langu, kavu hivi, hana maneno mengi. Jina lake la kazini tukampa Kola, kwa sababu kola za mashati zikipita mikononi mwake zinasimama kama zimemeza ubao. Wateja wakaanza kuuliza ni nani kapiga hii. Na huyu Kola anatoka ng'ambo ya mto. Huko huko kwao shemeji. Ukimsikia anavyosema unajua papo hapo, wanavyovuta maneno mwishoni.

Sasa nikuambie wema wangu, maana ndio ulioniponza. Siku aliyofika hana kikombe. Wote wanatazamana. Mimi ndiye niliyesema nitamletea, na kesho yake nikamletea kutoka nyumbani kikombe cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi kidogo ukingoni lakini hakivuji. Nikamtundikia mwenyewe. Na kwa kuwa nilijiambia ukutani pamejaa, nikakitundika kwenye msumari wa fremu ya dirisha, ng'ambo ile ya chumba. Uzi sikukifunga. Nikasema cha bati hakiwezi kupotea, kiko peke yake. Akashukuru. Nikaenda nyumbani nimejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo.

Basi tukawa tunafanya kazi. Mimi unanijua, mikono ikikunja mdomo haukai. Nawachekesha. Na katika kuwachekesha, watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wanaingia, kama walivyokuwa wanaingia nyumbani kwetu tukiwa wadogo. Ikija shuka inanuka moshi, nasema hii imevuka mto. Mteja akisahau kushukuru, nasema huyo mchunguzeni babu yake. Mrefu anacheka. Bibi Vifungo anatafuta kifungo sakafuni. Na kila nikimaliza namwambia Kola usijali mama, sikusemi wewe, wewe ni tofauti. Naye anapiga pasi. Mie nikaona amezoea, tena nikamsifia kwa watu kwamba ana moyo mkubwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, wakati wa chai. Asubuhi ile mteja mmoja kaleta vitambaa vya meza vina madoa ya mafuta, na mimi nikaanza hadithi yangu ya wale watu na mikono yao, kwamba wakila hawanawi, wakinawa hawafuti, wakifuta wanafutia kwa mwenzao. Ni hadithi nzuri, ina sehemu tatu, watu huwa wanashika mbavu. Nilipofika ya pili Kola akaweka kikombe chake chini taratibu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akasema mama, wewe ni mbaguzi. Kama mtu anavyokuambia mama, kiatu chako kimefunguka.

Mdogo wangu, ningepigwa kofi ningejua la kufanya. Pasi ya bosi ikawa inatoa mvuke tu peke yake. Nikamuuliza kasemaje. Akarudia vile vile, hakuongeza wala hakupunguza.

Hapo mimi nikafunguka. Nilianza kwa kucheka, nikamwambia jamani utani huo, mbona mnene namtania unene wake na hajanuna? (Bosi alikuwapo. Alinuna.) Nikaona haikukaa vizuri, nikahamia kwingine. Nikamwambia mimi sina ubaguzi, mimi nakula na kila mtu, muulize yeyote mtaani. Akawa ananitazama. Nikamwambia na nani aliyekuletea kikombe ulipokuja mikono mitupu, si mimi huyu huyu mbaguzi? Hapo akatazama dirishani, halafu akatazama ukutani, halafu akanitazama mimi, na mimi kwa haraka niliyokuwa nayo sikumwelewa. Nikasema tena wewe ndiye mwenye kinyongo, unatafuta maneno ambayo hayapo, nyie mnajulikana kwa hilo. Nikajisikia mwenyewe nilivyosema nyie. Nikaona nikimbilie kwenye kubwa.

Kubwa lenyewe lilikuwa wewe. Nikapiga meza nikasema mdogo wangu wa damu, tumbo moja, ameolewa ng'ambo ya mto! Miaka kumi na tisa! Shemeji yangu ni mtu wa kwenu, watoto wa mdogo wangu ni watu wa kwenu. Sasa mbaguzi gani huyo? Nikaegemea ukuta, nikanywa chai yangu, nikajua nimemaliza.

Kola akasema vizuri, hiyo ni habari njema. Akauliza wako kijiji gani. Nikasema kile cha karibu na kivuko. Akauliza nimefika mara ngapi. Nikasema kazi, goti, barabara. Akauliza watoto wangapi. Nikasema wanne. Akauliza mama mkwe wake huyo mdogo wangu hajambo? Nikasema hajambo, anawasalimu. Akauliza mwisho, wale watoto wakikuona wanakuitaje, mama mkubwa au wanakuita jina? Na hapo, mimi Redio, betri zikaisha. Maana niliowaona ni wawili tu, tena mara moja, na walikuwa wadogo wamelala.

Hakunicheka. Alichukua pasi yake akarudi kwenye kola.

Niliporudi nyumbani nikahesabu njiani kwa vidole. Wa kwanza huyu wa chuo, pacha wawili, yule mwenye kukohoa, wanne. Nikafika mlangoni nikamkumbuka wa tano. Nikaingia nikazitoa barua zako zote chini ya godoro nisome, na nikaikuta ile ya mwaka juzi, ile uliyoniandikia kwamba mama mkwe wako amefariki, mmemzika Ijumaa. Mimi nimesimama mbele ya watu nimesema anawasalimu. Na nikakumbuka sikukujibu ile barua. Sikutuma hata pole. Nilipoipata nilisema masikini, nikaenda kuanua nguo. Pole, mdogo wangu. Imechelewa lakini pole, na mpe shemeji.

Lakini usidhani nilijirudi siku ile. Hapana, nilianza kutafuta mashahidi. Nilimshika fundi seremala akiwa anafukuza kuku kwenye droo, nikamweleza, nikamuuliza hivi mimi kweli ni mtu wa hivyo? Akasema yeye hana cha kusema juu yangu, na kwamba mimi huwa ninayo ya kutosha juu yake. Nikamuuliza muuza maji, akaniuliza anipe ndoo ngapi. Nikamuuliza Mrefu tukiwa tunakamua mashuka, yeye upande ule mie huku, nikamwambia wewe si huwa unacheka, kungekuwa na ubaya ungecheka? Akasema yeye hucheka kwa sababu asipocheka nitageukia urefu wake. Halafu akaongeza, kwa upole tu, kwamba hata kikombe cha yule mama nilimwambia kile cha bati akioshe mwisho, maji yakishatumika kwa vingine. Nikala kiapo sijasema. Akasema nilisema siku ya kwanza kabisa, wakati nakitundika, na yeye amekiosha mwisho miezi saba kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Nikaenda kwa Bibi Vifungo, yeye mtu mzima, nikajua atanitetea. Nikamwambia unaona mambo ya Kola, na mimi ndiye niliyempa kikombe. Akauliza kwa nini kinakaa dirishani. Nikasema ukutani misumari imejaa. Yeye hata hakuinua kichwa, akanyoosha sindano yake kuelekea ukutani, akarudi kwenye kifungo. Nikatazama. Tulikuwa wanne kabla ya Kola. Misumari sita. Miwili iko mitupu tangu wale dada wawili walipoacha kazi, ina vumbi hata, na mimi nalipita lile vumbi kila siku saa nne. Nyuzi za wateja mia nazijua kwa macho, misumari miwili sikuiona.

Hapo ndipo nikaamua kuomba radhi. Na unajua mimi nikiamua jambo silali juu yake. Nikaona siwezi kwenda mikono mitupu. Nikapita dukani nikachagua kitu kizuri, nikafungiwa kwenye karatasi, asubuhi nikafika mapema nikamwambia Kola kama kuna neno limekukwaza, basi yaishe, pokea hii zawadi. Akafungua mbele ya wote. Sabuni. Mche mzima wa sabuni ya kuogea, ile ya harufu ya maua.

Wallahi sikufikiri. Mimi mwenyewe ni sabuni ninayoipenda, ningepewa ningefurahi wiki nzima. Lakini baada ya hadithi ile ya mikono, baada ya yote, mtu anapewa sabuni! Mrefu aliingiza kichwa kwenye beseni. Bosi akasema mamaa wee, kwa ile sauti nyembamba. Kola aliitazama ile sabuni, akanitazama, akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, akasema Redio, wewe hata ukiomba radhi unaniosha. Nami nikacheka kwa sababu alicheka, nikajua sasa yameisha.

Hayakuisha. Alipofuta machozi aliirudisha sabuni kwenye karatasi yake, akanirudishia, akaniambia bila hasira kwamba kama nataka kumwomba radhi nimwombe kwa kitu nilichofanya, si kwa kama. Akasema neno lile "kama" limempitia mara nyingi maishani, ameshalichoka. Nikasema kitu gani hicho, niambie, nitakiomba. Akasema hatanifanyia hesabu hiyo, nina macho.

Kesho yake alikuja na kikombe chake mwenyewe cha udongo, kipya. Akachagua msumari wa tano, akaupangusa vumbi kwa kidole, akakitundika, akaniomba uzi mwekundu kwenye kopo langu. Nikampa. Akafunga mwenyewe. Kile cha bati alikuwa amekisugua mpaka kinang'aa, akakifunga kwenye gazeti, akanikabidhi, akasema shukrani, kirudishe kwa mwenyewe.

Sasa tumefika, mdogo wangu. Hapa ndipo ulipokuwa unataka kurukia.

Kukirudisha kwa mwenyewe. Nilikiweka mezani nyumbani, nikachemsha maji, nikakaa. Nikajiuliza, huyo mwenyewe ni nani? Si changu, mimi sijawahi kukinywea. Kilikuwa chini ya karo la kuoshea vyombo, nyuma ya ndoo, ndani nilitia misumari ya kiatu. Kabla ya misumari kilikuwa nini? Na nikakumbuka mara moja, kama mtu aliyefungua dirisha.

Kwanza kilikuwa cha Mama. Unakumbuka kile kikombe cha bluu kilichokaa nje, kwenye msumari wa mlango wa jikoni? Watu wa ng'ambo ya mto wakileta mkaa, wakiomba maji, Mama anawatilia kwenye kile. Sisi hatukinywei, hakuna aliyetuambia kwa nini, tulijua tu. Mama alipofariki tukagawana vyombo, na mimi nikakichukua pamoja na sufuria.

Halafu kilikuwa cha shemeji. Ile siku ulipomleta kwangu mara ya kwanza, mmeshaoana miezi mitatu, yeye kavaa lile shati jeupe na wewe unacheka hovyo kwa woga. Vikombe vya maua nilikuwa navyo sita, vizima, kabatini. Niliwaambia vimevunjika, vimebaki viwili tu. Havikuvunjika. Wewe nikakutilia chai kwenye kikombe cha maua, mimi nikatilia changu, na mumeo nikamtilia kwenye bati. Sikumchukia, nikuambie ukweli. Nilikuwa nacheka naye vizuri tu, nikampa na mkate. Mkono ulikwenda wenyewe chini, kama unavyokwenda kwenye uzi wa njano.

Sijui kama wewe uliona. Yeye aliona. Nakumbuka alikigeuza kidogo akatazama pale palipobanduka, akanywa chai yote mpaka mwisho, akashukuru. Halafu aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akakiosha mwenyewe, ndani na nje, akakifudikiza kwenye kizingiti cha mlango wa nje. Hakukirudisha kabatini. Akakiweka nje. Mimi niliwasimulia watu mwezi mzima, jamani shemeji yangu ana adabu, mwanamume anaosha chombo chake! Nilikuwa namsifia. Na hakuja tena. Miaka yote nimekuwa nikisema watu wa kule wana majivuno, tazama hata shemeji hanitembelei.

Na miezi saba iliyopita akaja mtu mwingine wa kule, hana kikombe, mkono ukashuka tena chini ya karo ukamwaga misumari.

Haya, na chumba. Chumba cha nyuma hakivuji. Hakijawahi kuvuja, bati lake jipya kuliko la chumba changu. Barua yako ilipofika nilifurahi, kweli nilifurahi, nikasema mwenzangu wa kuzungumza naye kaja. Halafu nikaanza kufikiri jirani watasema nini wakimsikia anavyovuta maneno, na atakaa kwenye kiti kipi, na vyombo. Nikamtafutia kikombe kichwani. Mtoto wako, mjukuu wa Mama, nami nawaza atanywea kipi. Hilo ndilo lililokuwa linavuja.

Nilimwendea Kola juzi. Safari hii sikubeba kitu. Nikamwambia nilikuwekea kikombe cha peke yake, nikakitundika mbali wakati msumari upo, nikaagiza kioshwe mwisho, na nikasema yale ya mikono mbele yako na nyuma yako. Nakuomba radhi kwa hayo. Nilisema mafupi hivyo mpaka Mrefu alisimama akadhani naumwa. Kola akasema amesikia. Nikangoja aongeze. Akanipa upande mmoja wa shuka tukunje. Anaitikia salamu yangu, wakati wa chai hanisogelei sana, na mimi simlazimishi, ingawa unajua inavyoniwasha. Hadithi ya mikono nimeiacha. Mrefu sasa nimemgeukia urefu wake, kama alivyoogopa.

Basi jibu langu ni ndiyo. Binti aje. Chumba nimeshakifagia, kitanda nimekigeuza kichwa kielekee dirishani apate mwanga wa kusoma, na mlango una ufunguo wake mwenyewe. Vikombe vya maua vimebaki vitano, kimoja kilivunjika kweli baadaye, vimo kabatini pamoja na sahani, achukue chochote. Lakini nimekuandikia yote haya kabla hujamfungia mizigo kwa sababu ni mwanao, na unatakiwa ujue anakuja kukaa na nani. Midomo yangu ni ile ile, na naweza kuteleza. Akinisikia nimeteleza aniambie, na nikianza kumtajia ndugu zangu walioolewa wapi, anyanyuke aondoke. Barua hii msomee na yeye, kisha mwamue. Mkiona asije, sitanuna wala sitamwambia mtu. Hilo la pili nitajitahidi.

Na kama atakuja, namwomba shemeji amlete mwenyewe, nimwambie ana kwa ana haya ya kikombe, maana ya kwake siwezi kuyaomba kwa mkono wako. Kikombe chenyewe kiko mezani hapa, nimekandamizia karatasi isipeperuke. Nilitaka kukitupa, nikaona nitakuwa nakificha tena. Atakikuta.

Nikomee hapa, mshumaa sina na jua linashuka. Nisalimie mgongo wa shemeji. Wasalimie watoto: mwambie mkunga wetu hongera, waambie pacha wasipigane, na yule wa kukohoa mpe maji ya moto. Na yule wa tano, mdogo wangu, nimetafuta kwenye barua zako zote, iliyokuwa na jina lake nadhani niliwashia jiko. Niandikie anaitwa nani.

Ni mimi dada yako,
ambaye nataka kuitwa mama mkubwa.